Mama Mkwe na Majani Yanayokula Watu

Kitu cha kwanza ambacho mama mkwe wangu aliwahi kuniomba, katika miaka minne ya kuishi naye nyumba moja, kilikuwa nimpeleke sinema akaone jani linalokula watu.

Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi. Nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi kiwandani. Basi halikuja, nilikwenda kwa miguu na nimerudi kwa miguu, na vidole vilikuwa vimevimba mpaka nilishindwa kuvikunja. Yeye alikuwa amesimama mbele yangu, baibui bado mwilini, ametoka sokoni Tandika.

"We mkaza mwana," alisema. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote. "Pale ukutani sokoni wamebandika picha. Mzungu wa kike kakamatwa na jani kiunoni. Umeiona?"

"Nimeiona, mama."

"Linamla?"

"Sijui, mama. Nadhani linamla."

"Basi Alhamisi si hufanyi kazi? Nipeleke nikaone."

Nilimwangalia nikidhani anatania, lakini yeye hakuwa mtu wa utani. Alikuwa Mzaramo wa pale pale Temeke, mjane, mwenye nyumba yake ya vyumba sita aliyoachiwa na mumewe, na mimi nilikuwa mtu wa kusini niliyeletwa na mwanawe bila yeye kuulizwa. Hakunitukana hata siku moja. Alinitazama tu, kama mtu anavyotazama kifurushi kilicholetwa nyumbani kwake kwa makosa. Nilikuwa nimeharibikiwa mimba mbili katika miaka hiyo minne. Hilo nalo hakulisema, lakini kila alipopita jirani na mtoto mgongoni, yeye alimwamkia yule mtoto kwanza kisha mama yake.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya shirika la umma. Alipeleka mizigo Tunduma, akarudi, akapeleka tena. Mwanzoni tulimwona kila baada ya wiki mbili, baadaye mara moja kwa mwezi, kisha wakamhamishia Mbeya moja kwa moja, ikawa tunaona barua zake tu. Kwa hiyo nyumbani, ukiwatoa wapangaji, tulibaki wanawake wawili tusiokuwa na la kuambiana. Asubuhi nilimwambia shikamoo, akajibu marahaba. Jioni nilimwambia chakula tayari, akasema Mungu akubariki. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Alhamisi tukaenda. Jumba la sinema lilikuwa njiani kuelekea mjini, limepakwa rangi ya waridi iliyobabuka, na onyesho la mchana lilianza saa nane. Mchana walikuja watu wa zamu kama mimi, vijana wasio na kazi, na akina mama wachache wa mjini waliokaa nyuma pamoja. Feni moja ilizunguka, nyingine tatu zilikuwa zimekufa. Mimi nilichotaka ni kile kiti. Kilikuwa cha mbao, kimetolewa ngozi yote, lakini kilikuwa na mgongo, na kiwandani tulishonea kwenye mabenchi yasiyo na mgongo kwa saa nane. Nilipoegemea nilisikia uti wa mgongo ukilia kama bawaba.

Kwanza wakaonyesha picha fupi ya serikali. Kijiji cha ujamaa, watu wamejipanga mstari wanapanda mahindi, bwana shamba anawaonyesha mbegu mpya kwenye kiganja. Halafu mahindi yakaonekana yamekua, marefu kuliko mtu, na watu wanapiga makofi. Bila hata taa kuwashwa, ikaanza picha yenyewe. Kitu kikaanguka kutoka mbinguni, kikawaka moto shambani kwa mzungu mmoja, na asubuhi pakaota mche.

"Ehee," mama mkwe alisema. "Mbegu za kuletewa hizo."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwake ilikuwa picha moja. Wale wanakijiji wamepewa mbegu, mbegu zimeota, na sasa zinawala watu. Nilitaka kumweleza kwamba ile ya kwanza ni habari na hii ni hadithi. Lakini nilikuwa nimechoka, na kusema kweli hadithi yake ilikuwa na mpango mzuri kuliko ile waliyotengeneza wenyewe.

Picha ilikuwa hafifu, hata mimi niliyekuwa sijaona nyingi nililiona hilo. Mbalamwezi ilikuwa taa. Nyumba ilitikisika mtu alipofunga mlango. Mtaalamu mwenye koti jeupe alikuwa na chupa tatu za maji ya rangi, na kila alipotaka kufikiri alimimina ya bluu kwenye ya njano. Na lile jani lenyewe, lilipokwisha kukua na kuanza kutembea, lilikuwa mtu aliyevikwa gunia lililotiwa rangi ya kijani na kubandikwa vitambaa. Lilipogeuka kumkimbiza yule mwanamke, chini yake vikaonekana viatu. Viatu vya ngozi, vya kufunga kamba.

Ukumbi mzima ukapiga kelele. "Viatu! Jani lina viatu!" Mama mkwe naye alicheka, mkono mdomoni, mabega yakitikisika. Sikuwahi kumwona akicheka.

Mimi nilikuwa naangalia mgongo wa lile jani. Pale kiwandani nilikuwa idara ya kushona, tulipinda mashuka ya hospitali na kufunga magunia, na jicho langu lilikuwa limeshaharibika, haliwezi kuona kitambaa bila kutafuta mshono. Na mshono ule niliujua. Ulishuka kutoka shingoni mpaka kiunoni ukiwa sawa, halafu ukaanza kuyumba, halafu uzi wa kijani ukaisha, wakaunganisha mweusi. Pale palipoyumba nilipajua pia. Ndipo saa ya saba ya zamu inapoanza, mikono inapokuwa bado inafanya kazi na mwenye mikono ameshakwenda zake. Nikamfikiria mwanamke mmoja huko Ulaya au Amerika, mbele ya cherehani, msimamizi amemwambia jani linahitajika kesho. Labda naye miguu ilikuwa imevimba. Sijui kwa nini jambo hilo lilinipa raha. Nilikaa pale nikiangalia kazi ya mtu aliyechoka, na kwa saa moja na nusu sikujisikia mpweke.

Tulipotoka, jua la saa kumi lilitupiga usoni. Mama mkwe alitembea mpaka kituoni, kisha akasema, "Lile si jini wala nini. Lile ni gugu. Wangelipalilia likiwa dogo yasingewafika yale."

"Kweli, mama."

"Wazungu hawajui jembe." Akafikiri kidogo. "Wana picha nyingine ya namna hiyo?"

Walikuwa nazo. Mwenye jumba, nadhani, alizipata kwa bei rahisi kwa sababu zilikuwa kuukuu, na hapakuwa na televisheni ya kushindana naye, kwa hiyo alizionyesha mpaka zikakatikakatika. Kulikuwa na ya ukungu uliofunika wanaanga mpaka wakawa kama mkate ulioota kuvu. Kulikuwa na ya maganda makubwa kama ya mabuyu, yakipasuka anatoka mtu anayefanana na jirani yako. Kulikuwa na ya mtambaazi mrefu uliotoka kwenye ziwa na kuingia ndani ya nyumba kupitia bomba la maji. Hiyo mama mkwe aliisifu sana, kwa sababu kwetu bomba lilikuwa halijatoa maji kwa mwezi wa pili mfululizo, na alisema angalau kwao limetoa kitu.

Tulikwenda kila Alhamisi niliyopata nafasi, kwa muda wa miaka miwili hivi. Sina budi kusema kwamba zilikuwa Alhamisi ambazo ningeweza kulala. Nchi nzima ilikuwa inafanya kazi siku hizo na mimi nilikuwa sehemu ya nchi. Kulikuwa na zamu, kulikuwa na shamba la wafanyakazi tulilotakiwa kwenda kulima Jumapili, kulikuwa na mkutano wa tawi, kulikuwa na foleni ya sukari na foleni ya sabuni. Tulitengeneza khanga kiwandani mwetu na dukani khanga hakuna. Mie mwenyewe nilivaa moja iliyotoboka. Wasichana wenzangu walinishangaa. "Siku yako ya kupumzika unakwenda kuangalia majani na mkweo?" Nilishindwa kuwaeleza.

Kazi yangu pale sinema ilikuwa kutafsiri. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane kwa wamisionari, na Kiingereza changu kilitosha kusoma maelekezo ya cherehani. Wale wazungu waliongea puani na kwa haraka. Nilishika neno moja katika kumi. Na kwa kuwa mama mkwe alikuwa ananigusa kwa kiwiko kila mtu alipofungua mdomo, "Kasemaje? Huyo naye kasemaje?", nikaanza kujaza mwenyewe. Mtaalamu alipozungumza na binti yake karibu na dirisha, nilisema anamwambia kwamba mama yake aliondoka kwa sababu alichoka kuishi na mtu asiyeongea. Askari alipopiga simu, nilisema anamwomba mkubwa wake ruhusa ya kwenda kulala. Nilijaza nikiwa nusu usingizini, macho yamefumba, namsikiliza tu mzungu anapoanza na anapomaliza.

Siku moja mtaalamu alisema maneno mafupi sana mlangoni, kama "twendeni sasa", na mimi nikatoa habari ndefu ya ndugu yake aliyepotea baharini. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniinamia sikioni.

"Yule bwana kasema kidogo kama kukohoa. Wewe umesema hutuba."

Nilisikia moto usoni. "Nisamehe, mama. Kiingereza chao sikipati chote."

"Tangu lini hukipati?"

"Tangu ile ya kwanza."

Kwenye pazia jani lilikuwa linapanda ngazi, polepole, kwa sababu aliyekuwa ndani yake bila shaka hakuona mbele.

"Basi endelea," akasema. "Yako matamu kuliko yao. Huyo ndugu baharini alipatikana?"

Nikamwambia alipatikana.

Baada ya siku ile mambo nyumbani yalilegea. Si kwamba tulikuwa marafiki. Neno hilo halimfai mtu na mama mkwe wake. Lakini aliniwekea maji ya beseni kabla sijarudi. Nilipokuwa zamu ya mchana alinifunikia wali. Akipalilia mihogo yake nyuma ya nyumba aliniita, "Njoo uone, hili linataka kutula," na kunionyesha kitunguu pori kilichochomoza katikati ya matuta. Nilicheka mpaka mpangaji mmoja akatoa kichwa dirishani.

Barua ilikuja mwaka wa pili wa sinema zetu, wakati wa mvua za masika. Ilikuwa imeandikwa jina lake yeye, mama, si langu. Hilo halikuwa geni, maana mume wangu alituandikia kwa zamu. Mama mkwe hakujua kusoma maandishi ya kawaida, alijua Kurani tu, kwa hiyo barua zote nilimsomea mimi. Alikuwa ukumbini amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, uteo mapajani. Nikakaa mbele yake nikafungua bahasha.

Nikasoma. "Mama yangu mpendwa, shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi mwanao ni mzima wa afya, hofu ni kwenu mlio mbali na macho yangu. Dhumuni la barua hii, mama, ni kukujulisha kwamba nimeoa huku Mbeya, na Mungu ametujalia mtoto wa kike. Ana miezi mitatu. Nimempa jina lako. Huyo aliyeko hapo nyumbani naomba umweleze wewe kwa upole, maana kwangu mimi kalamu ni nzito."

Niliyasoma yote kwa sauti ile ile, bila kusimama. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusimama. Nadhani mdomo ulishazoea. Ulikuwa umeshaanza sentensi, ukaimalizia, kama mikono inavyomalizia mshono. Sijui hata kama mume wangu alisahau nani humsomea mama yake barua, au alikumbuka vizuri.

Mama mkwe aliacha kuchambua. Punje chache zilianguka kwenye mkeka.

"Hayo ni ya kwake," aliniuliza, "au ni ya kwako?"

Alikuwa ananitazama kama mtu anayeomba. Nilielewa kwamba ningesema ni ya kwangu, kwamba nimejaza kwa mchezo, angenikaripia na angeshukuru.

"Ni ya kwake, mama. Sijaongeza neno."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Nilipofika pale kwenye jina la mtoto, alifumba macho. Nilipomaliza alinyoosha mkono, nikampa karatasi, akaikunja mara mbili akaiweka chini ya mkeka. Mvua ilikuwa inapiga bati na ndoo za wapangaji zilikuwa zinajaa moja moja.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado."

"Kale. Kuna muhogo wa nazi jikoni."

Nilikula. Watu huniuliza kama nililia. Sikulia siku ile wala kesho yake. Nilikwenda zamu, nikapinda mashuka, nikarudi. Kulia kunahitaji nguvu, na mimi nguvu zangu zote zilikuwa na kazi nyingine. Nililia baada ya kama miezi miwili, kwenye foleni ya sabuni, mwanamke aliyekuwa mbele yangu aliponikanyaga kidole na kuniomba radhi vizuri sana.

Mama mkwe hakusema mwanawe amekosa. Sikutegemea aseme. Alikuwa ni mwanawe, na dini inamruhusu, na amempatia mjukuu mwenye jina lake. Wiki mbili zilipita akizunguka na jambo fulani kooni, anafika mlangoni kwangu, anasimama, anarudi. Mwisho nikamuuliza mwenyewe.

"Mama, unataka kwenda Mbeya?"

"Nikamwone mtoto tu," alisema. "Kisha nirudi." Akavuta upindo wa khanga yake. "Huko wanasema kuna baridi. Na madukani hakuna kitu. Nilikuwa nataka kukuomba… lakini si vizuri kukuomba wewe."

Nilijua anachotaka. Kiwandani walituruhusu kununua vipande vilivyokatika, na alikuwa ameniona nikiwashonea watoto wa wenzangu. Nilikaa na vile vipande siku mbili. Nikashona magauni manne na kofia mbili za flaneli, na kablanketi ka kufungia mtoto mgongoni. Nilishona vizuri. Nataka hilo liandikwe mahali: mishono yangu haikuyumba, na uzi haukubadilika. Nilipomkabidhi, alivipokea kwa mikono miwili, akashindwa kunitazama.

Alikaa Mbeya miezi mitatu. Nikabaki na wapangaji na mihogo. Alhamisi moja nilikwenda sinema peke yangu, kulikuwa na picha ya kuvu kutoka nyota nyingine, na tangazo lake lilikuwa la kuahidi sana. Nikakaa kwenye kiti kile kile. Watu wakaanza kuongea kwenye pazia na hakuna aliyenigusa kwa kiwiko. Nilimsikia mzungu akianza, nikamsikia akimaliza, na sikuwa na kitu cha kuweka mahali pake. Nililala. Mfagiaji aliniamsha ukumbi ukiwa mtupu. Aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, natoka kiwandani.

Mama mkwe aliporudi alikuwa amekonda na ana kikohozi. Aliniambia mtoto ana afya. Aliniambia mke mwenzangu ni msichana mdogo, mpole, Mnyakyusa, anaamka alfajiri kama mimi. Na kisha akasema, "Hii nyumba ni yangu. Sio yake. Hakuna wa kukutoa humu."

"Najua, mama. Ahsante."

Lakini nilikuwa nimeshaamua. Sikuwa na hasira ya kutosha ya kugombana, na sikuwa na subira ya kutosha ya kungoja lori liingie uani mara moja kwa mwaka. Nilimwandikia mume wangu nikamwomba talaka yangu, barua ya mistari sita, na alinitumia bila kunisumbua. Nilipata chumba Kinondoni, tukachanga kodi na msichana wa idara ya kusokota aliyetoka kwetu kusini. Siku ya kuhama mama mkwe alinibebea beseni mpaka kituoni. Lilikuwa beseni lake. Nilipomkumbusha alisema, "Ingia kwenye gari, utaachwa."

Sasa kulikuwa hakuna kinachotuunganisha. Hata la kumwita sikuwa nalo, kwa sheria. Niliendelea kumwita mama kwa sababu nilikuwa sijui kingine. Wiki ya tatu, Alhamisi, nikatoka Kinondoni mabasi mawili mpaka jumba la sinema, nikijiambia ninakwenda kukaa kwenye kiti. Nilimkuta kwenye kivuli cha ukuta, na baibui lake, ameshika mkoba kwa mikono miwili kama mtu anayengoja hospitali.

"Umechelewa," alisema. "Wameshaanza ile ya mahindi."

Tuliendelea hivyo zaidi ya mwaka. Picha zilizidi kuchakaa. Fedha za kigeni zilikuwa hakuna nchini, mpya haziji, na zile za zamani zilikuwa zimekatika na kuungwa mara nyingi mno, kiasi kwamba jani lilikuwa linaota na kuchomwa moto ndani ya dakika ishirini. Mtaalamu alikufa kabla hajaingia. Watu walipiga miluzi na kudai haki yao. Sisi hatukuona tatizo, maana mimi nilijaza yaliyokatwa. Nakumbuka zaidi mchana mmoja umeme ulipokatika katikati, ukumbi ukawa giza na joto, watu wengi wakatoka, na sisi tukabaki nusu saa nzima nikimsimulia picha isiyokuwepo, mpaka watu wawili wa viti vya mbele wakahamia nyuma kusikiliza. Nilipomfikisha steringi kwenye pango la mizizi umeme ukarudi, na mmoja wa wale wawili akasema, "Aah, wangeuacha tu."

Kisha mama akawa hawezi kupanda basi. Ilikuwa kifua. Nilimwendea Temeke badala yake, siku nilizoweza, na siku nilizoweza zilipungua, kwa sababu kiwanda kilikuwa hakina vipuri na cherehani zilizobaki zilitufanyisha kazi ya mara mbili. Baadhi ya siku nilifika nikalala kwenye mkeka wake kabla hata hatujasalimiana vizuri, akanifunika. Niliamka, nikachota maji, nikaondoka. Sikumhudumia kama nilivyotakiwa. Hilo halijaniacha.

Habari za msiba nilizipata kiwandani, kupitia kwa mpangaji wake mmoja aliyekuwa mlinzi getini. Nikaomba ruhusa ya nusu siku. Nilifika Temeke wameshazika, maana kwao hawachelewi. Uani kulikuwa na akina mama wengi kwenye mikeka, mawifi zangu wa zamani na majamaa wa Mbagala na Kigamboni ambao sikuwajua. Nilisimama pale mlangoni, vumbi la pamba bado kichwani, nisijue nikae wapi. Mtu wa nyumbani ana mahali pake, na jirani ana mahali pake. Mmoja alinong'ona, "Huyu nani?" Na mwingine akajibu kwa sauti ya kusikika, "Yule aliyeachwa."

Msichana mmoja mweusi mwembamba, mtoto wa miaka kama mitatu amelala mapajani, akasogea. Akapiga mkeka kwa kiganja mara mbili.

"Kaa hapa, dada," alisema. Lafudhi yake ilikuwa ya Mbeya; alikuwa ameshuka wiki ile kumuuguza mama.

Nikakaa. Kisomo kilipokwisha na watu kula, tulijikuta wawili nyuma ya nyumba na yale masufuria makubwa, kwa sababu wengine walikuwa na udugu wa kuwakalisha na sisi hatukuwa nao. Sabuni hakuna, tukasugua kwa majivu na mchanga. Mtoto alikuwa ameamka, anachezea kifuniko.

"Mama alinisimulia mlikuwa mkienda sinema," yule msichana alisema. "Alinisimulia picha nyingi alipokuja kule. Eti kuna moja ndugu alipotea baharini. Ilikuwa ya kweli?"

"Ilikuwepo," nikasema.

"Alikuwa anasimulia huku anakohoa, mtoto analia, mume hayupo. Nilichelewa kulala kwa ajili ya hiyo." Akamimina maji machafu kwenye matuta ya mihogo. "Sijawahi kuingia sinema mie. Nasikia ni joto."

"Ni joto sana," nilimwambia. "Lakini unakaa."

Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelezwa jambo la maana. Alikuwa na weusi chini ya macho, mikono yake imepasuka kwenye viungo. Tulisugua sufuria ya mwisho tukishirikiana, yeye ameshika huku, mimi nimeshika kule, kwa sababu ilikuwa nzito na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuigeuza peke yake. Kisha nikanawa mikono, nikamuaga, nikamwinamia mtoto nikamuaga na yeye. Nusu siku niliyopewa ilikuwa imekwisha, zamu ya mchana imeshaanza, na kutoka Temeke mpaka kiwandani, ukipita njia ya reli, ni mwendo wa saa nzima.